Wafini, Mkuki na Mlima wa Kiamatuta

Mwalimu Nyabuto, haya nayaandika kwa ajili yako, na kwa ajili ya wasichana wa timu yako. Wasomee kwa sauti. Usiruke mahali popote, hata pale nitakapokutaja vibaya.

Kwa wale wasiotufahamu: mimi nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya Kiamatuta, huku Nyamira, tangu nikiwa na nywele mpaka zilipoisha. Nyabuto ndiye aliyerithi filimbi yangu nilipostaafu. Ni kijana mzuri, ana mbio, ana heshima, na shida yake moja ni kwamba anaamini kila anachokiona kwenye simu.

Juzi alinikuta soko la Ikonge nikichagua mbegu za viazi. Akaja mbio, akanitia simu machoni. "Mwalimu, ona! Wale Wafini wako! Walienda Olimpiki ya Paris, wakarudi bila medali. Hata moja! Hata shaba!" Akacheka mpaka mama muuza viazi naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

Kucheka sikujali. Lakini alipomaliza akashusha sauti, akaniambia jambo lingine. "Mzee, usinikasirikie. Mwaka huu Kiamatuta hatuendi michezo. Kila mwaka tunashindwa, wasichana wanachekwa, ya nini? Ile shule kubwa ya bondeni imekubali kuwachukua wawili wetu wazuri. Watavaa jezi za huko. Si ni heri hivyo?"

Sikumjibu. Mke wangu alinifundisha kwamba mtu mwenye hasira asinunue viazi, kwa hiyo niliviacha, nikapanda mlima kurudi nyumbani, na hasira nikapanda nayo. Sasa najibu.

Si heri hivyo, Nyabuto. Hata kidogo.

Ngoja kwanza niwaeleze kwa nini watu huniita "Mfini", kwa sababu wengi wenu mnafikiri ni jina la utani la ulevi. Sijawahi kulewa. Mimi ni Msabato, na pombe ya kwangu ni uji.

Wakati nikiwa kijana alikuja mtu hapa kutoka Ufini, nchi hiyo nyinyi mnaiita Finland. Jina lake Eero. Alikuwa fundi wa maji, kazi yake kujenga chemchemi ili kina mama wachote maji safi kwenye bomba badala ya kugombana na ng'ombe. Alipanga chumba Ikonge. Alikuwa mrefu, mweupe, na alikuwa hazungumzi. Jamani, hazungumzi! Nyinyi mnajua sisi tulivyo. Omogusii, yaani Mkisii, akikutana na mwenzake njiani, salamu peke yake inaweza kuchemsha sufuria ya maharagwe: watoto, ng'ombe, chai, mvua, mgonjwa wa jirani. Huyu, ukimuuliza "Habari ya asubuhi?", alikuwa anakunywa chai yake, anatazama mlima, anakunywa tena, na wakati wewe umeshasahau swali, anasema "Joo." Hiyo ndiyo "ndiyo" yao.

Kina mama walisema ana huzuni. Wazee walisema ana laana. Mimi nilikaa naye nikagundua hana lolote, ni Mfini tu.

Urafiki wetu ulianzia kwenye mkuki. Siku moja alipita shuleni na pikipiki yake, akaniona nikifundisha wasichana kurusha, akazima injini. Akakaa juu ya jiwe mpaka tukamaliza. Kesho yake akaja tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao mkuki ni kama kwetu mpira: watoto hurusha vijiti, wazee hubishana juu ya mikuki makanisani. Kuna Olimpiki ambayo nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu za mkuki zilichukuliwa na Wafini peke yao. Hayo hakuniambia siku hiyo, bila shaka. Siku hiyo alisema "Joo."

Sasa mkuki wetu. Serikali ilikuwa imegawa mikuki ya chuma kwa shule zenye uwanja. Kiamatuta hatukupata kwa sababu uwanja wetu hawakuuita uwanja. Nikatengeneza yangu. Kama unataka kujua, Nyabuto, na nyinyi wasichana, sikilizeni, maana siku moja mtahitaji. Kata mkaratusi mchanga, ule mnaouita blugamu, ulionyooka wenyewe. Usiunyooshe kwa nguvu, utakusaliti. Umenye maganda, kisha uuweke darini jikoni juu ya moshi. Usiuanike juani, jua linaupinda. Ukikauka, uweke juu ya kidole kimoja usogeze mpaka usianguke mbele wala nyuma. Hapo ndipo mkono unashika, na hapo ndipo unafunga kamba ya katani. Ncha nilitengenezewa na fundi wa jua kali kule Keroka. Mkuki wa kwanza aliuwekea chuma kizito hata mkuki ukawa unaanguka chini kama jembe. Nikamrudishia. Akaniuliza, "Mwalimu, unawinda nini?" Nikamwambia ninawinda shule kubwa ya bondeni.

Jina la shule hiyo silitaji. Waliotufanyia mambo nitakayoyaeleza wameshastaafu au wamelala makaburini, na watoto wao hunisalimia vizuri.

Sasa, uwanja. Mnaujua, bado ni ule ule. Mlima umeketi pale, shule imeshikilia mlima, na uwanja umeshikilia shule. Mpira ukiponyoka huupati tena mpaka mtoni. Chini ya uwanja ni shamba la chai la mama yake Kwamboka, na huyo mama hakuwa na mchezo. Ukitia mguu kwenye chai yake alikuwa anakuhesabia mababu wako mmoja mmoja kwa matusi. Kwa hiyo sisi tulisimama chini, kando ya ua, tukarusha mkuki kuelekea juu. Mkuki ulipanda, ukajidunga mlimani, ukasimama wima, safi. Tukashangilia. Hakuna mche wa chai ulioguswa, hakuna babu aliyetukanwa.

Kwamboka alikuwa mwanafunzi wangu bora. Msichana mwenye mabega ya kuchuma chai na ulimi wa mama yake. Aliporusha, mkuki ulikuwa unatoa sauti, mluzi mdogo, na ukisikia mluzi huo unajua umetoka vizuri mkononi. Mwalimu wa michezo hutumia masikio kabla ya macho. Hilo nililijifunza mwenyewe uwanjani, na sasa nakupa bure.

Wakati wa michezo ya wilaya ulipofika, tukaambiwa na afisa wa michezo: shule isiyo na uwanja halali haiwezi kuingia kwa jina lake. Wanariadha wenu wataingia chini ya shule kubwa ya bondeni, watavaa jezi zake, wataandamana nyuma ya bendera yake. Mwalimu mkuu wetu akasema ni bahati. Nami nikasema asante. Nilikuwa kijana kama wewe, Nyabuto, na nilidhani jezi ni kitambaa tu.

Eero alitubeba kwenye gari la mradi wake wa maji. Tulifika asubuhi, na nikawaomba waamuzi mkuki uanze mapema, maana huku kwetu mvua ya alasiri haibishi hodi. Mwalimu wa michezo wa Kisii ambaye hajui hivyo arudi chuoni. Wasichana walikula ndizi mbivu, hapana ugali, ugali unamlaza mrushaji. Kila kitu kilikuwa sawa.

Kwamboka akarusha. Mluzi nikausikia! Mkuki ukaenda mbali, mbali kuliko wa yeyote, watu wakasimama. Halafu ukaanguka. Ulianguka mkia kwanza, chali, pap, kwenye nyasi. Mwamuzi akainua kibendera chekundu. Haikuhesabiwa.

Nyinyi mnajua sheria: ncha lazima iguse ardhi kwanza. Na mmeshaona kosa letu? Kosa hili mtu wa Uasin Gishu, kule kwenye tambarare, hawezi kulifanya, hata akitaka. Sisi tulikuwa tumezoea mlima unaokuja kukutana na mkuki. Ukirusha kuelekea juu, hata mkuki ukiwa bado umeinua pua yake mbinguni, mlima unaudaka kwa ncha. Uwanja wa tambarare hauji kukutana na mtu. Mkuki ulisubiri mlima, mlima haukuja.

Akarusha tena, kibendera chekundu. Na tena. Wenzake vivyo hivyo. Shule nzima ya Kiamatuta hatukuacha hata tundu moja kwenye nyasi za ule uwanja.

Na unajua kilichoniuma ni nini? Si kushindwa. Ni yule mtangazaji kwenye kipaza sauti. Kila mkuki wetu ulipoanguka alitangaza jina la shule ya bondeni. "Kosa tena kwa shule ya bondeni!" Watoto wa bondeni wakageuka kuwatukana wasichana wangu kwa kuwachafulia jina. Yaani hata aibu yetu haikuwa yetu! Kwamboka aliivua ile jezi nyuma ya gari, akavaa sweta yake ya shule iliyotoboka kiwiko, akaitupa jezi kwenye mapaja yangu. "Mwalimu," akasema, "hata kama nitashindwa, nishindwe nikiwa nyumbani."

Tulirudi Ikonge mvua ikipiga vioo. Eero akatuingiza chumbani kwake, akatengeneza chai, akakata mkate mnene mno. Tukanywa tukiwa kimya, na kwa mara ya kwanza sisi tulikuwa kimya kuliko yeye. Labda hilo ndilo lililomtisha. Akaanza kuzungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika, cha mafundi wa bomba, lakini hakuna neno lililotupita.

Akasema, nchi yangu zamani ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Hatukuwa huru. Lakini katika michezo ya Olimpiki tulitaka kwenda kama Wafini. Kule London tukaambiwa, sawa, lakini bendera mtabeba ya Urusi.

"Wakabeba?" Kwamboka akauliza.

"Hapana."

"Wakabeba gani?"

Eero akanywa chai. Tukangoja. Jamani, tulingoja! "Hakuna," akasema. "Walitembea bila bendera. Mbele ya watu wote. Mikono tupu."

Akaendelea. Akasema baadaye, kule Sweden, Wafini walishinda, wakimbiaji wao wakawaacha watu wote. Na walipokuwa wakisimama kupewa medali, bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi. Walishinda wakatazama nguo ya mtu mwingine ikipanda mlingotini. "Hiyo," akasema Eero akigusa kifua, "inauma. Kushinda, inauma."

Wasichana wangu walitazamana. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Kisha nchi yake ikapata uhuru, akasema, na Olimpiki iliyofuata wakaja na bendera yao, msalaba wa buluu kwenye nyeupe, na wakakimbia kama watu wenye deni na dunia nzima. Kwa miaka mingi, mbio ndefu zilikuwa zao. Wakangoja kuandaa Olimpiki mjini kwao Helsinki, vita vikaja vikaizuia, wakapigana, wakazika watu wao, na vita vilipoisha wakaiandaa. Nchi ndogo, yenye baridi, yenye watu wachache. Baadaye wakapotea kwenye mbio, wakarudi tena, wakapotea tena. Na waliowapoteza, Nyabuto, unajua ni nani? Ni sisi. Ni Wakenya na majirani zetu. Eero alilisema hilo akinitazama usoni, halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Akacheka.

"Sasa wanafanya nini?" Kwamboka akamuuliza. "Wakishindwa?"

"Wanakuja," akasema. "Kila mara. Wanakuja."

Sasa wewe unaniletea simu sokoni kuniambia walienda Paris wakarudi mikono mitupu. Nyabuto, mwanangu, watu hawa walianza mikono mitupu! Hilo si jipya kwao. Waliingia uwanjani kwa mara ya kwanza bila hata kitambaa, unadhani watakufa kwa kukosa shaba? Nenda kaangalie kama wamejiondoa kwenye michezo ijayo. Nenda kaangalie kama wamewapa Waswidi wanariadha wao wazuri wawili ili wavae jezi zao. Ukiona hivyo, uniletee hiyo simu nitakula kifuniko chake.

Turudi mlimani.

Jumatatu yake niliwakusanya wasichana uwanjani. Nilikuwa nimeumiza kichwa juu ya mkuki unaoanguka mkia kwanza. Nikawaeleza habari ya mkono, ya kiwiko, ya kuishusha pua. Nilichora mchangani. Eero naye alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, na nikamuuliza kwao hufanyaje. Akainua mabega. Kwao ni tambarare na maziwa ya maji, tatizo letu hakuwahi kuliona maishani.

Kwamboka akanitazama kwa ule uso wa mama yake. "Mwalimu, si tugeuke?"

"Tugeuke vipi?"

"Tusimame juu, turushe chini."

Nikautazama mteremko. Ukirusha kuelekea chini ya mteremko, ardhi inakukimbia. Mkuki usioinamisha pua yake mapema hauwezi kamwe kuanguka kwa ncha. Utalazimika kujifunza, upende usipende. Na kila mkuki ukishatupwa, lazima ushuke kuuchukua na upande nao tena, na kupanda kule kunakupa miguu. Eero akasema "Joo" bila kuulizwa.

Lakini chini ni chai.

Nilienda mwenyewe kwa mama yake Kwamboka na sukari na majani ya chai, ingawa kumpelekea mkulima wa chai majani ya chai ni ujinga, na aliniambia hivyo kabla sijaketi. Nikamweleza. Akanisikiliza akiwa amesimama na kikapu mgongoni. "Yaani unataka mnidungie chai yangu kwa mikuki."

"Mama, ni pale pembeni tu, na nitapiga filimbi kabla ya kila mkuki, hakuna atakayekuwa shambani."

"Na ile shule ya bondeni, ndiyo iliyomvalisha mtoto wangu jezi wakamtukana?"

"Ndiyo."

Akatema mate pembeni. "Rusheni," akasema. "Lakini mche ukivunjika, Kwamboka ataichuma chai hii kwa meno."

Mwanzoni mikuki ilianguka chali juu ya chai, mama akaitoa akitutukana ukoo mzima, na mimi nikapiga filimbi mpaka mashavu yakauma. Kisha polepole ikaanza kuinama. Pua ikashuka. Mkuki wa Kwamboka ukaanza kujidunga kati ya mistari ya chai, ukitetemeka, na miche haikuguswa. Siku moja mama yake alisimama pale kando akautazama ukitetemeka, akasahau kutukana.

Michezo ya mwaka uliofuata ilipokaribia, yule afisa akatuletea tena jezi za bondeni. Nilimwambia awaambie wasichana wenyewe. Akawaambia. Kwamboka akasimama akasema, kwa heshima zote, "Bwana afisa, asante, lakini nguo tunazo."

"Bila jezi hizi hamna bendera ya kuandamana nyuma yake," afisa akasema. "Mtaandamana nyuma ya nini?"

"Hakuna," akasema Kwamboka. Nami nikageuza uso, maana nilijua neno hilo limetoka wapi.

Mwalimu mkuu alinipigia kelele. Aliniambia nitahamishwa mpaka mahali ambapo hata mkaratusi hauoti. Nilimwambia anihamishe. Nilikuwa na hofu, msidhani sikuwa nayo. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Lakini nilikuwa nimeshaona wasichana wakitukanwa kwa jina la watu wengine, na nilisema haitatokea tena mikononi mwangu.

Siku ya gwaride, shule zikapita. Kila moja na bendera yake mbele, rangi hii na rangi ile, watoto wakipiga miguu. Halafu pakawa na nafasi tupu, na nyuma ya nafasi hiyo wasichana wa Kiamatuta, kwa sweta za shule zilizotoboka viwiko, Kwamboka mbele. Mikono yake mitupu. Watu wengine walicheka. "Na hawa ni wa wapi? Wamepotea?" Kwamboka hakugeuza shingo. Eero alikuwa amesimama kando ya uzio. Alivua kofia yake na hakuivaa tena mpaka walipomaliza kuzunguka.

Mkuki ukaitwa. Kwamboka akasogea. Mwamuzi akamtazama.

"Jina?"

"Kwamboka."

"Wa shule gani?"

"Kiamatuta."

"Kiamatuta haipo."

Na msichana huyu, mbele ya waamuzi, mbele ya afisa, mbele yangu niliyetaka ardhi inimeze, akamjibu: "Haipo vipi, Mwalimu, na mimi nimetoka huko asubuhi hii?"

Watu wakaangua kicheko. Mwamuzi mwenyewe akashindwa, akacheka, akamwonyesha mstari kwa mkono. Rusha, mtoto, rusha.

Akarusha. Nikausikia mluzi. Mkuki ukapanda, na kisha, ah, ukainama! Uliinamisha pua yake kama unatafuta mistari ya chai. Ukajidunga kwenye zile nyasi za tambarare, ukasimama, ukitetemeka. Kibendera kilichoinuliwa kilikuwa cheupe. Kutoka kwenye umati nilisikia sauti ya mama yake ikipasua anga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hayakuwa matusi.

Alishika nafasi ya tatu. Najua, Nyabuto. Najua uso unaoufanya sasa hivi. "Ya tatu tu?" Ndiyo, ya tatu. Wawili wa kwanza ndio waliokwenda mkoani, na mmoja wao alikuwa wa bondeni. Hakwenda Nairobi, hakwenda ng'ambo, hakuna gazeti lililomtaja. Lakini mtangazaji alipofika kwa nafasi ya tatu, alikohoa, akamtazama afisa, afisa akatazama viatu vyake, na mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Kwamboka, wa... wa Kiamatuta." Jina la mlima wetu halikuwahi kutoka kwenye kipaza sauti chochote kabla ya siku hiyo. Lilikwenda likagonga kilima cha pili likarudi. Mimi nililia. Nasema wazi: nililia mbele ya wanafunzi wangu, na mvua ikaanza, ikanisaidia.

Sikuhamishwa. Mwaka uliofuata hakuna aliyetuletea jezi. Mama yake Kwamboka alinunua kitambaa cha kijani cha chai, fundi mmoja wa Keroka akakishona, na mimi nikakata mkaratusi ulionyooka. Eero aliondoka kabla bendera haijakamilika, mradi wake wa maji ulikuwa umeisha. Alinishika mkono, akanyamaza mpaka nikadhani ameondoka akiwa bado amesimama, kisha akasema, kwa matamshi safi kabisa, "Kiamatuta." Nikamjibu "Joo."

Hiyo ndiyo bendera mliyoandamana nyuma yake miaka yote, wasichana. Mliona ni kitambaa cha kijani kilichopauka. Sasa mnajua.

Na tumeshindwa mara nyingi tangu wakati huo, simkatalii Nyabuto. Tumeshindwa kwenye jua, tumeshindwa kwenye matope. Tumewahi kushinda pia, ingawa watu wanaosahau haraka wamesahau. Siku hizi mikuki ni ya kisasa, mna viatu, mna video za kutazama polepole mkono wa bingwa. Vizuri! Tumieni. Mimi nilitumia masikio kwa sababu sikuwa na kingine. Lakini msinifundishe kwamba anayeshindwa aende kuvaa nguo za mshindi. Hapo tutakosana, na mimi nikikosana na mtu huwa sina haraka ya kupatana.

Gwaride ni Ijumaa, asubuhi, ili liishe kabla ya Sabato kuingia. Bendera iko kwangu, nyuma ya mlango, pamoja na fimbo yake ya mkaratusi. Njooni muichukue Alhamisi mkitoka shule. Nitakuwa nimechemsha chai.

Msipokuja pia ni sawa. Nimeshazungumza na Kwamboka. Siku hizi ana mabinti wake wakubwa na anafanya kazi kiwanda cha chai cha Itumbe, mabega ni yale yale. Nikamwambia habari za Nyabuto na jezi za bondeni. Hata hakungoja nimalize. "Mwalimu," akasema, "nitaomba ruhusa kazini. Wewe utashika fimbo, mimi nitakushika wewe, maana goti lako silo lile la zamani."

Kwa hiyo Ijumaa tutaingia. Wafini waliingia wakiwa timu bila bendera. Sisi wazee wawili tutaingia tukiwa bendera bila timu, na wakituuliza Kiamatuta iko wapi, tutawaonyesha nyinyi mmekaa upande gani.